Mambo Msiige

Upande wa Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, pana jumba la katikati ya karne ya 19 lililoelekea bahari, na jina lake ni Mambo Msiige. Wazee husimulia kwamba Mwarabu aliyelijenga alitia mayai kwa maelfu katika chokaa yake ili kuta zishike barabara, kisha akalipa jumba hilo jina lililokuwa majigambo na onyo kwa pamoja: haya ni mambo yangu, nyinyi wengine msiige. Habari ya mayai nawaachia wasimulizi. Jina ndilo linalonishughulisha, maana ubishi wote juu ya namna ya kuongeza jengo jipya ubavuni mwa jengo la kale, au ghorofa juu ya nyumba ya babu, unazunguka neno hilohilo la kuiga. Nani aige, aige nini, na akiisha kuiga, je, atakuwa ameuheshimu mji au ameudanganya?

Wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice mwaka 1964 wakaandika mkataba ambao mpaka leo ndio mwongozo wao mkuu. Humo walisema, kwa ufupi, kwamba kazi mpya inayolazimika kufanywa katika jengo la kale sharti ijulikane kuwa ni mpya na ibebe alama ya zama zake. Na papo hapo wakasema nyongeza isiruhusiwe ila pale isipoharibu jengo lenyewe, mizani yake, na mazingira yaliyolizunguka. Ukisoma kwa haraka utadhani ni jambo jepesi. Lakini ukiwa na nyumba mkononi, na fundi amesimama na tindo yake anasubiri kuambiwa dirisha alitoboe wapi, utaona kuwa amri hizo mbili zinavutana kama watu wawili waliolala chini ya shuka moja. Iwe tofauti, lakini isijitenge. Ifanane, lakini isijifanye ya kale.

Ndipo watu wakagawanyika. Wako wanaosema kila kipya kivishwe nguo za zamani: mlango wa nakshi, roshani ya mbao, tao juu ya dirisha, hata mgeni asijue kipi cha mwaka 1860 na kipi cha mwaka jana. Na wako wanaosema huo ni uongo, kwamba zama zetu nazo zina haki ya kuonekana, basi tutie kioo na chuma na zege, na jengo la kale litang'ara zaidi kwa kusimama karibu na lisilofanana nalo. Mimi sijaridhika na upande wowote, na sababu yangu si ya kitaalamu, maana sikusomea kuchora majumba. Sababu yangu ni ya historia. Pande zote mbili huutazama mji wa kale kana kwamba ulimalizika kujengwa siku moja, ukafungwa, ukakabidhiwa kwetu. Ilhali ukiusoma Mji Mkongwe ukuta kwa ukuta, utaona kwamba sehemu kubwa yake ni nyongeza juu ya nyongeza.

Tuchukue kile ambacho mgeni hukipiga picha kwanza, yaani roshani. Nyumba za mawe za Waarabu wa Oman, zilizojengwa kwa wingi Sayyid Said alipouhamishia ufalme wake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zilikuwa nyumba kimya. Kuta nene nyeupe, umbo la mraba, ua katikati, madirisha machache ya nje, na mlango mmoja mkubwa. Pambo lote liliwekwa mlangoni, kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe isiyo na kitu na jambia moja kiunoni. Zile roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, zinazoning'inia juu ya vichochoro, hazikuja na nyumba hizo. Zililetwa zaidi na wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kachi na Gujarati katika nusu ya pili ya karne. Wao walijenga nyumba zao kwa mtindo wa duka chini na makazi juu, na wenye nyumba za Kiarabu nao, walipoona raha ya kukaa nje penye upepo pasipo kuteremka barabarani, wakatoboa kuta zao na kuzipachika. Hata mlango wenyewe umebadilika: ule wa kale zaidi una kichwa kilichonyooka, na ule wenye tao juu, wa namna ya Kihindi, ulishika zaidi karne ilipokuwa inakwisha. Zahanati ya Kale pale Malindi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan na ujenzi ukamalizika mwaka 1894, leo huhesabiwa kuwa ndiyo Unguja hasa. Mzee wa Kiomani aliyepita mbele yake mwaka ule wa 1894, akatazama rangi na michongo ile yote, bila shaka aliona kitu kigeni.

Na kuna nyongeza moja kubwa kuliko zote ambayo hakuna aliyewahi kuitungia sifa. Nyumba zile za mwanzo zilikuwa na paa bapa, la chokaa na mawe juu ya boriti, kama zilivyo nyumba za nchi zisizo na mvua. Unguja mjini hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa bapa lilivuja, boriti zikaoza, ukuta ukanywa maji. Basi mmoja baada ya mwingine wenye nyumba wakapandisha mapaa ya mgongo yaliyoezekwa mabati juu ya yale ya chokaa, na leo ukiutazama mji kutoka juu unaona bahari ya mabati yenye kutu, jekundu kwa kahawia. Hakuna mchoraji aliyeyabuni na hakuna kamati iliyoyapitisha. Ni mabaya ukiyatazama moja moja. Lakini ndiyo yaliyozihifadhi nyumba nyingi zisiyeyuke, nami sijapata kumsikia mtu wa mji huu akilalamika kwamba yameharibu sura ya Mji Mkongwe.

Anayetaka kuiona desturi ya kuongeza ikiwa imekamaa kama sheria, avuke aende Lamu. Nyumba nyingi za mawe za mji ule ni za karne ya 18, na nyumba ya Lamu haikuhesabiwa kuwa imekwisha madhali ukoo una binti. Binti wa waungwana hakuolewa akachukuliwa kwenda kwa watu. Mume ndiye aliyekuja, na baba ndiye aliyempa binti yake mahali pa kukaa. Kama palikuwa na kiwanja ubavuni, alijenga ubavuni. Kama hapakuwapo, alipandisha nyumba ya juu juu ya ile ya chini, yenye daka lake na ngazi zake. Na ikiwa nafasi iliyopatikana ilikuwa ng'ambo ya kichochoro, alijenga chumba juu ya kichochoro chenyewe, kikishikilia kuta za pande mbili, watu na punda wakipita chini yake. Chumba hicho huitwa wikio. Kwa wikio mama na binti waliweza kutembeleana bila kukanyaga njia. Mtu anayejua koo za Lamu anaweza kusimama kwenye kichochoro akazisoma ndoa za watu ukutani: hapa aliolewa wa kwanza, hapa wa pili, pale pametiwa ukuta, kwa hiyo nyumba iligawiwa urithi.

Sasa swali langu ni hili. Watu walioongeza kwa miaka mia mbili au tatu bila mchoro, bila kibali cha manispaa, kila mmoja kwa haja yake na kwa kadiri ya mfuko wake, walipataje mji ambao sisi, tulio na vyuo na mikataba, tunautazama tukiona umeshikamana kama shairi? Jibu si kwamba walikuwa na macho mazuri kuliko sisi. Walifungwa, na aliyewafunga kwanza ni mti.

Boriti ya mwambao ni mti wa mkoko. Ulikatwa katika mikoko ya Rufiji na ya visiwa vya Lamu, ukapakiwa majahazini, mwingine ukabaki huku na mwingine ukasafirishwa na kusi mpaka Arabuni na Ghuba, ambako wanauita chandal. Ni mti mgumu, mdudu haupendi, lakini haunyooki kwa urefu mkubwa na haubebi ukilazwa masafa marefu. Dari ya mawe na chokaa ni nzito mno. Kwa hiyo kutoka ukuta mmoja hadi wa pili haikuwezekana kwenda mbali zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi, na chumba, kama kilihitajika kiwe kikubwa, kilirefushwa, hakikupanuliwa. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na vya Unguja vivyo hivyo, na ndiyo maana hata katika nyumba za kale za Muscat na Kuwait mtu wa mwambao atahisi chumba kina kipimo anachokijua. Tajiri mkubwa aliweza kuagiza mbao nene kutoka Bara Hindi akajipatia ukumbi wa haja. Wengine wote, mwenye nacho na asiye nacho, walipimiwa na mkoko. Ukiongeza chumba mwaka 1750 au mwaka 1890, kipimo ni kilekile. Na upana wa chumba ukisha kuwekwa, mengi mengine huufuata: masafa ya madirisha, urefu wa ukuta wa mbele, kivuli kinavyoanguka.

Kifungo cha pili kilikuwa chokaa. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Mzee mmoja mwashi, ambaye nilipenda kumtembelea kazini, aliniambia niweke kiganja ukutani, upande uliopakwa chokaa na kisha upande uliopakwa saruji. "Umeona, mwanangu? Huku panapumua. Huku wamembana pumzi." Nikamuuliza, "Na akibanwa, babu, itakuwaje?" Akacheka. "Atatafuta pa kutokea." Alikuwa na maana hii: jiwe la matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari, na plasta ya chokaa huuachia utoke taratibu. Ukiupaka ukuta saruji, unyevu pamoja na chumvi yake hubaki ndani, ukuta hulika moyo, na kwa nje unaonekana mzima kabisa mpaka siku plasta inapodondoka kipande kizima kama ganda la yai. Kwa waliojenga zamani jambo hili halikuwa elimu ya pekee. Hawakuwa na kitu kingine cha kupaka.

Cha tatu ni jirani. Kujenga juu kulikuwa haki ya mtu, lakini kumchungulia jirani uani mwake haikuwa haki ya yeyote. Anayepandisha ghorofa alijua kwamba dirisha lake litaulizwa linatazama wapi, na kwamba mlango wake haufai kuelekeana sawia na mlango wa ng'ambo ya njia. Mambo haya yalimalizwa barazani au kwa kadhi. Nafikiri mikataba yetu ya kuhifadhi imejaa habari za sura ya jengo, na habari za sitara ya mtu imezisahau. Nyongeza inayoufaa mji wa kale si ile tu inayopendeza kutoka barabarani. Ni ile ambayo mwanamke wa nyumba ya pili ataendelea kuanika nguo zake bila kutazamwa.

Kuiga kwa makusudi, kwa kuchora mezani, kulikuja na Waingereza. John Sinclair alifika Unguja mwaka 1896 kama mtumishi wa serikali, naye alikuwa amesomea ujenzi. Alichora nyumba ya Balozi, Mahakama Kuu, na majengo mengine kadha wa kadha, akamalizia na Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925. Sinclair alitaka serikali ya kikoloni isivae suti mbele ya mji wa kanzu, na nia hiyo ilikuwa ya adabu. Lakini alipotafuta nguo ya kuivika hakuipima kwa mtu wa Unguja. Alichukua kuba na matao kutoka huku na huko katika nchi za Kiislamu, na mgeni akiliona Beit el Amani kwa mbali hudhani ni msikiti. Nakshi zake ni za watu wengine. Hata hivyo mji umemsamehe, nami nadhani najua kwa nini: kuta zake ni nene, ni nyeupe, hazikupanda juu ya watu, na kivuli chake ni cha hapa. Alikosea maneno akapatia sauti.

Kisha ikaja saruji, na nondo ndani yake, na kifungo cha mkoko kikakatika. Zege huvuka mita sita bila taabu. Sitaki nieleweke vibaya. Zege si dhambi, na mtu anayeishi katika chumba chembamba na watoto saba ana haki ya kutamani ukumbi. Lakini tazama kilichotokea. Jirani mmoja alipopata masafa marefu, dirisha lake likalala ubavu, pana kuliko urefu wake, ilhali madirisha yote ya mtaa yamesimama wima kama watu. Slabu yake ikawekwa juu ya kuta za matumbawe ambazo hazikuwahi kubeba mzigo wa namna ile. Na chuma ndani ya zege, karibu na bahari, hushika kutu, na kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali, wenyewe wakiwa wameondoka au wamenyang'anywa, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likagawiwa familia nyingi. Hapo nyongeza zikawa za namna nyingine: mbao na kadibodi kugawa kumbi, jiko kwenye ngazi, choo na bomba la maji ghorofa ya pili ambako hapakuwahi kuwa na bomba. Kodi ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba haikununua hata mfuko wa chokaa. Ukitaka kujua nyumba ya Mji Mkongwe ilianguka kwa nini, mara nyingi usitafute dhoruba. Tafuta bomba lililovuja ukutani kimya kimya kwa miaka kumi. Waliotia mabomba hayo hawakuwa maadui wa historia. Walikuwa na watoto wa kuogesha. Na nyumba ilipoporomoka, aghalabu wakati wa masika, usiku, walioumia ni haohao.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1990 ukatayarishwa mpango mkuu chini ya Francesco Siravo kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na mwaka 2000 mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuanzia hapo adui akabadilika. Zamani mji ulitishwa na umaskini. Sasa ukaanza kutishwa na fedha. Utalii ulileta mahoteli, na mahoteli yalitaka vyumba, na kila chumba bafu lake, na juu ya paa mahali pa kulia chakula huku jua likizama. Hapo ndipo kuiga kulipopata soko. Milango mipya ya nakshi ikachongwa ikatiwa kwenye kuta za matofali ya saruji. Roshani zikabandikwa ambazo hapana mtu anayeweza kukanyaga juu yake, kwa sababu nyuma yake hakuna mlango. Ni roshani za kutazamwa. Nimehesabu katika jengo moja jipya tao kumi na moja mbele, na nyuma yake ghorofa zenye vimo vya ofisi na paa lililozidi nyumba zote za mtaa. Aliyelijenga aliiga kila kitu isipokuwa kipimo.

Na Mambo Msiige yenyewe haikuepuka. Baada ya kuwa nyumba ya tajiri ilitumiwa na wamisionari, ikawa ubalozi wa Uingereza, ikawa ofisi za serikali, na hatimaye ikatolewa iwe hoteli, iliyofunguliwa mwaka 2015. Lakini jumba la kale peke yake halikutosha, na mrengo mpya mkubwa ukajengwa karibu yake, kuelekea bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kazi ilipokuwa ikiendelea, juu ya ukubwa wa jengo jipya na urefu wake, na kulikuwa na barua na ujumbe wa wataalamu kwenda na kurudi. Nimesimama pwani nikaulinganisha mrengo huo na mama yake. Mistari imenyooshwa, rangi imepatanishwa, mtu hawezi kusema hakukuwa na mchoraji makini. Ubaya hauko katika mapambo. Kitu kikubwa kikisimama karibu na kidogo, hata kikivaa sawasawa naye, anayeonekana mgeni ni yule mdogo. Hatari ninayoiona katika kazi ya namna hii ni kwamba kibali cha mmoja huwa ni hoja ya mwingine: yeye amepandisha, na mimi je?

Kwa hiyo nikiulizwa leo nyongeza iwe vipi, siulizi kwanza kama itakuwa na tao au kioo. Nauliza itasimama juu ya nini, itavuja wapi, na inamtazama nani. Niliwahi kuona kazi ndogo, nyuma ya nyumba moja ya wakfu, ambayo hapana kitabu kitakachoitia picha. Wenyeji walihitaji jiko na bafu mbili. Badala ya kuzipachika ghorofani, fundi alizijengea mnara mdogo uani, wenye miguu yake mwenyewe, ukiachana na ukuta wa zamani kwa upana wa vidole vinne hivi, na kuunganishwa nao kwa kidaraja cha mbao kwenye kila ghorofa. Mabomba yote yalikuwa mnarani. Tone likivuja, linavuja hewani, mtu analiona. Juu uliishia chini ya paa la nyumba. Madirisha yake yalikuwa wima na membamba, yameelekea ukuta wa wenyewe, na nje palipakwa chokaa tupu. Hapakuwa na ua lililochongwa hata moja. Ulikuwa wa matofali ya saruji na nondo, wala haukujificha kuwa ni wa juzi. Nilichofurahia ni kwamba watu wa nyumba hawakuuona kuwa ni kitu cha kuonyesha. Walinipitisha upesi ili nikatazame mlango wa mbele.

Watakaosema kwamba kidaraja kile ni wikio, sawa, ingawa fundi alikuwa mtu wa Makunduchi na sidhani aliwahi kufika Lamu.

Limebaki jambo la Beit al-Ajaib, ambalo haliepukiki kwa anayezungumza habari hizi. Sayyid Barghash, aliyepata kuishi uhamishoni Bombay na kuona namna majumba yanavyojengwa kule, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe zake. Lilikuwa na varanda pana kuzunguka pande zake, juu ya nguzo nyembamba za chuma zilizoagizwa ng'ambo, umeme, na baadaye lifti. Mbele yake, mbali kidogo na kuta, ulisimama mnara wa taa peke yake. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji wa kifalme kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jumba la jirani, lilibomoka na halikujengwa tena. Mnara wa taa uliharibiwa ukaondolewa. Beit al-Ajaib ilinusurika, na katika matengenezo ya mwaka 1897 walipandisha mnara mpya, wenye saa, safari hii katikati ya uso wa jumba lenyewe, juu ya varanda.

Hiyo basi ni nyongeza, tena ya watu walioshinda vita. Kwa mkataba wa Venice ingepata taabu kupita. Kwa mizani ya nyumba ilikuwa kubwa, na haikuwa na haja nyingine ila kuonyesha saa na kupandisha bendera. Lakini vizazi vitatu vinne vilikua chini yake. Majahazi yalielekeza omo zake kwake. Ikawa kwenye stempu, kwenye vitambaa, kwenye kadi.

Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya upande wa baharini iliporomoka pamoja na mnara ule, na watu wawili wakafa. Tangu hapo wanaozungumzia kuijenga upya wamekuwa na swali ambalo wasomi wanalipenda: je, irudishwe ilivyokuwa mwaka 1883, uso wake mtupu kama Barghash alivyouacha, au ilivyokuwa mwaka 1897? Hoja za kila upande zinaweza kuandikwa vizuri sana. Siku moja nikiwa Forodhani jioni, wakati wa kuwasha majiko ya mishikaki, niliwaona watoto wawili wa skuli wamekaa ukingoni, daftari magotini, wanalichora jumba kutokana na kumbukumbu, maana pale mbele lilikuwa limezungushiwa mabati. Wote wawili walianza na mnara, kisha wakateremka.